Mzee wako alipigana Kagera na ni mtu wa kanisa? Muenzi angali hai, anza hivi

Naandika haya nipo Tabora, baba yangu kakaa hapo nje chini ya mwembe na redio yake, kanyoa ndevu tangu saa kumi na mbili asubuhi kama vile kuna mtu anakuja kumkagua. Ni mstaafu wa JWTZ, Vita vya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, alienda na akarudi, na ni Mmoravian tangu tumboni mwa mama yake. Nimeamua kuandika kwasababu naona watu wa rika langu wengi tuna wazee wa namna hii nyumbani na hatujui tuwafanyie nini, tunangoja msiba ndo tuanze kutafuta picha yake ya kombati tuiweke juu ya jeneza. Piga hesabu mwenyewe, kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anaikaribia 70, na wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo. Muda hatuna.

Nianze na nilipokosea mimi. Baba alipofikisha miaka 70 nikasema hapa hapa namfanyia kitu kikubwa, nikakodi turubai, viti, spika, na MC tukamtafuta anayechangamsha watu. Sherehe inaendelea vizuri, MC akamfuata baba na maiki akamwambia haya kamanda, tuambie kule kwa Amin uliwalaza wangapi. Watu wakapiga vigelegele. Baba akaipokea maiki, akaishika hivi kifuani, akakaa kimya muda mrefu, alafu akailaza mezani taratibu kama mtu anayeweka yai, akainuka akaingia ndani. Hakutoka tena mpaka wageni wameondoka. Usiku nikaingia kumuomba msamaha nikamkuta kakaa kitandani na ile Biblia yake ndogo aliyokwenda nayo vitani, kurasa zimejikunja kwa maji ya mvua za Uganda, na katikati ya Zaburi ya 91 kuna kikaratasi kina majina manne kwa mwandiko wake wa ujanani. Akaniambia mwanangu, hawa nilikwenda nao hawakurudi, mimi nitaanzaje kujisifu.

Miaka yote ile mimi nilikuwa najua baba ana mambo ya jeshi na baba ana mambo ya kanisa, kumbe kwake ni kitu kimoja. Alienda akiomba, akarudi akishukuru, na wale wanne anawabeba ndani ya Zaburi. Kwahiyo usimuandalie mzee sherehe ya ushujaa upande huu na maombi upande ule. Kwanza jua yeye mwenyewe amebeba nini, na hicho ndo ukiheshimu.

Sasa utajuaje. Lazima aongee, na ili aongee na wewe inabidi ujue kidogo, maana wazee hawa wakiona unauliza kama mtu asiyejua lolote wanakukatia tu juu juu. Jifunze mtiririko wa vita ile. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 wakalivunja daraja la Kyaka, Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa tarehe 2 Novemba, ile hotuba ya sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, na operesheni ya kuwatoa ikaitwa Chakaza. Januari 1979 vijana wetu wakaichukua Mutukula, Februari Masaka, Machi pakawa na mapigano makali Lukaya ambako kulikuwa na askari wa Libya pia waliotumwa na Gaddafi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita yenyewe ikaisha mwanzoni mwa Juni. Ukishakuwa na hayo majina kichwani unaweza kumuuliza baba Lukaya mlipita barabarani au mlipita kwenye maji? Utaona anageuka anakuangalia. Wa kwangu aliniangalia hivo hivo, akasema maji mwanangu, kinamasi mpaka hapa, akanionyesha kifuani.

Usiulize aliua wangapi. Hilo swali lifute kabisa, na watoto uwaonye mapema kabla hawajaropoka. Uliza vitu vidogo vya maisha: njiani mlikula nini, barua za nyumbani zilifikaje, nani alikuwa anachekesha wenzake, mlisali saa ngapi na nani aliongoza, siku unarudi ulishuka stesheni hapa Tabora nani alikuja kukupokea. Mimi nilimuuliza kuhusu soksi, nikadhani ni swali la kitoto, akaongea karibu nusu saa. Alisema mvua za masika zilikuwa hazikatiki, soksi haikauki, kwahiyo usiku unaivua unaikamua unaibandika tumboni ndani ya shati unalala nayo, asubuhi ina uvuguvugu unaivaa, na hiyo nyingine unaibandika. Na kwamba mmoja wa wale wanne ndo alimfundisha. Huyo mtu mimi sikuwahi kumuona lakini tangu siku ile namfahamu.

Akinyamaza mwache. Usijaze ukimya kwa maneno. Ila akianza kutetemeka au macho yakaenda mbali, mletee maji, mwambie baba tutaendelea siku nyingine, mbadilishie mada uongelee mahindi au mvua.

Kurekodi rekodi, lakini muombe ruhusa, usimtegeshee simu. Mwambie baba nataka wajukuu wasikie sauti yako. Asubuhi ndo muda mzuri, kabla jua la Tabora halijawaka na kabla hajachoka. Kunja kanga uiweke mezani, simu iweke juu yake, hapo mgongano wa meza hausikiki, weka simu isiingie kupigiwa, zima redio, fukuza kuku. Dakika ishirini zinatosha kwa siku. Mwanzo wa kila rekodi taja tarehe na jina lake kamili ili miaka thelathini ijayo mtu ajue anamsikiliza nani. Na siku hiyo hiyo tuma nakala kwa ndugu wawili watatu, alafu weka nyingine kwenye flashi, kwasababu simu zinaibiwa na zinaanguka kwenye ndoo za maji, hilo halikwepeki.

Mama yako kama yupo mkalishe karibu. Wa kwangu alibaki hapa na mtoto mgongoni, habari za vita anazisikia kwenye redio ya jirani, miezi inakatika hajui kama ni mjane au bado ni mke wa mtu. Kuna siku alimkatisha baba katikati ya maneno akasema barua yako ya Februari ilifika mwezi wa tano. Baba hakuwahi kujua. Wameishi pamoja miaka yote hiyo hakujua.

Makaratasi sasa, hapa nisikilize vizuri maana ndo watu wanapoharibu. Tafuta barua yake ya kustaafu, cheti cha utumishi, vitambulisho, na namba yake ya jeshi, hii ya askari wa kawaida inaanza na MT na maafisa ni P, iandike pembeni kwasababu ndo itafungua kila kitu mkija kufuatilia jambo lake lolote. Piga fotokopi na uzipige picha kwa simu karibu na dirisha, mwanga wa pembeni, bila flashi. Na tafadhali usipeleke cheti halisi kikafanyiwe laminesheni. Najua sisi kila cheti tunakimbizia laminesheni tunaona ndo kukitunza, ila ile joto na gundi ikishashika karatasi haitoki tena, na karatasi ya zamani inaendelea kuoza ndani kwa ndani. Laminesha fotokopi utundike ukutani, halisi iweke kwenye bahasha safi mahali pakavu. Picha za zamani ukitaka kuandika majina andika nyuma kwa penseli, tena kwa mkono mwepesi, biro inatokeza mbele. Iliyogandia kwenye albamu usiibandue, ipige picha hapo hapo ilipo.

Nishani nayo usiisugue. Baba alikuwa na mtindo wa kuing'arisha kwa Brasso kama kifungo cha gwaride, sura ya juu ikaanza kufutika na utepe ukapata madoa. Futa vumbi tu kwa kitambaa laini kikavu, viringisha kwenye kitambaa cha pamba, usiifunge kwenye nailoni inatoa jasho ndani. Na kama mzee wako alikuwa mgambo, maana wapo wengi walitoka mgambo wakaenda mstari wa mbele, na leo hana nishani wala cheti, hiyo isikufanye ukamuenzi nusu nusu. Andika ushuhuda wake, mtafutie mwenzake aliyekuwa naye aongee naye arekodiwe, na hiyo ikae badala ya cheti.

Jambo la sare. Raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi wala nguo zinazofanana nayo, kwahiyo achaneni na wazo la kuwashonea wajukuu kombati wapige saluti kwenye sherehe ya babu, mtamuaibisha na mnaweza kujitafutia matatizo. Mzee avae suti yake au shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, nishani kifuani kama anayo na kama mwenyewe anataka. Baba yangu kila jumamosi jioni anatoa viatu vyake vya kanisani, anaweka kiwi kwa kidole kilichofungwa kitambaa, anapuliza pumzi, anazungusha mduara mdogo mdogo mpaka unaona uso wako. Zamani nilikuwa naona ni mazoea ya jeshi tu. Siku hizi nikipata nafasi nakaa nae nashika kiatu kimoja na yeye kingine, na hapo bila kuulizwa anaongea kuliko hata tukimuwekea simu. Heshima ya namna hii haina gharama na unaweza kuianza jumamosi hii.

Kanisani. Kwanza muulize yeye, usimfanyie sapraizi, mtu wa vita hapendi sapraizi. Alafu nenda kwa mchungaji wiki kadhaa kabla, nenda na mzee mmoja wa kanisa kama huna mazoea nae, mueleze unataka shukrani na siyo onyesho. Tarehe inayofaa ni jumapili iliyo karibu na 25 Julai, Siku ya Mashujaa, maana siku yenyewe mzee atataka kusikiliza maadhimisho redioni na ukimsogelea utamsumbua. Shukrani yenyewe iwe fupi: mzee anasimama mahali alipo, hajapandishwa mbele kama hataki, mchungaji anataja kwamba ndugu yetu alilitumikia taifa na Mungu alimrudisha, familia inatoa sadaka, anaombewa, kwaya inaimba wimbo aliouchagua mwenyewe. Basi. Kama ushirika wenu una wastaafu wengine wasimame wote, usimuinue baba yako peke yake ukawaacha wenzie wamekaa kwenye benchi wanatazama chini.

Ukitaka kumuomba mchungaji asome neno, mkumbushe Luka sura ya 3, pale askari wanamuendea Yohana Mbatizaji wanamuuliza na sisi tufanye nini. Hakuwaambia tupeni silaha mrudi makwenu, aliwaambia wasidhulumu watu na waridhike na mshahara wao. Nalisema hili kwasababu wapo wazee wengi wanaoishi na swali ndani kwa ndani kwamba Mungu anawaonaje kwa yale waliyoyafanya kule, na hawalisemi. Baba aliniuliza mara moja tu, tena ameangalia pembeni. Mimi sikuwa na jibu, nikamwambia baba wewe ulitetea nchi, na nikaona halijamuingia kabisa. Jibu kama hilo mwanao hawezi kukupa. Nilimuomba mchungaji aje nyumbani, nikawapikia chai nikawaacha chini ya mwembe wawili, wakakaa mpaka jua linazama. Sijauliza waliongea nini na sitauliza. Ila alianza kulala usiku mzima. Akija Kornelio kwenye Matendo sura ya 10, yule akida aliyekuwa anasali na kusaidia maskini, baba sasa hivi anamwongelea kama mtu waliyekuwa nae kombania moja.

Na hili lifuatalo ndo kubwa kuliko yote tuliyofanya. Sisi Wamoravian Pasaka alfajiri tunakwenda makaburini, giza bado, na tarumbeta, tunatangaza Bwana amefufuka tukiwa tumesimama katikati ya wapendwa wetu waliolala mpaka jua linachomoza. Sasa mwaka 1979 Pasaka ilikuwa tarehe 15 Aprili, siku nne tu baada ya Kampala kuanguka, yani Kampala ilianguka jumatano ya wiki ya mateso. Baba alikuwa huko. Anasema Pasaka ile aliamka alfajiri kwa mazoea, hakuna makaburi, hakuna tarumbeta, hakuna mchungaji, akasema yeye peke yake kwa sauti ya chini Bwana amefufuka, na kijana mmoja wa Kigoma aliyekuwa amejilaza pembeni, Mwanglikana, akajibu amefufuka kweli kweli. Hao wanne walikuwa wameshaondoka.

Nilipoisikia hiyo nikaenda kwa mchungaji nikamuuliza kama Pasaka ijayo tukiwa makaburini baba anaweza kuyasoma yale majina manne. Akakubali. Tulimpeleka kwa bajaji mpaka karibu, tukambebea kiti, hakukikalia. Akatoa kikaratasi, tochi nikamshikia mimi, akasoma majina bila vyeo, moja moja, na baada ya kila jina watu wakakaa kimya kidogo. Kisha akaomba, na katikati ya maombi akawaombea na wale vijana wa upande wa pili, mama zao waliowasubiri. Hiyo hatukuipanga. Kanisa lenu kama siyo Moravian mtakuwa na siku yenu, Wakatoliki wana siku ya marehemu wote tarehe 2 Novemba, ambayo inaangukia siku ile ile ya hotuba ya Mwalimu, muulizeni padri nia ya misa iwe kwa wenzake wa kikosi. Wengine ibada ya nyumbani inatosha. Muhimu majina yasomwe kwa sauti, na ayasome yeye.

Watafute waliobaki. Yule wa Kigoma tulimpata kupitia mtu wa chama cha wanajeshi wastaafu, simu ya kwanza walipopigiana hawakuongea cha maana, afande, afande, uko hai, niko hai, wakacheka, wakakaa kimya. Baadae alikuja na treni. Ukiwakutanisha andaa chakula na uondoke, usikae katikati na maswali. Kama afya inaruhusu na mfuko upo, kuna makaburi ya mashujaa Kaboya wilayani Muleba, ukitoka Tabora unapita Nzega, Kahama, Biharamulo mpaka Muleba, ni mwendo mrefu kwa mzee kwahiyo lala njiani. Sisi bado hatujaenda, tunadunduliza.

Mengine ya kila siku nayapitia haraka. Masikio ya wengi yaliharibiwa na mizinga, usimpigie kelele, kaa upande wa sikio zima muangalie usoni ongea taratibu. Akiwa amelala usimshike bega ghafla, simama mlangoni umuite kwa jina la heshima mpaka aitike. Mwaka mpya mafataki yakianza kulia kaa nae ndani, washa redio ya nyimbo. Uhakiki wa pensheni ukitangazwa msindikize na umbebee fotokopi zote, usimuache apange foleni peke yake. Mwaka mmoja baba alisimamishwa kwenye korido ya ofisi moja tangu asubuhi mpaka saa nane, mtu aliyesimama kwenye kinamasi cha Lukaya, na hakulalamika, mimi ndo nililia njia nzima ya kurudi.

La mwisho ni gumu ila lifanye akiwa na nguvu: muulize anataka azikweje. Wapi, nani ahubiri, wimbo upi, kama jeshi lijulishwe au hapana, Biblia ile aende nayo au ibaki. Nilimuuliza tukiwa tunapiga viatu kiwi, nikaona hivo ndo rahisi maana mikono ina kazi. Akanijibu kila kitu kwa mpangilio kama mtu anayetoa ripoti, nikaandika. Ilipofika Biblia akasita, akapuliza pumzi kwenye kiatu akasugua. Akasema Biblia ibaki kwako, ila kile kikaratasi nipe kwenye mfuko wa shati, wa kushoto, na kabla ya hapo kinakili, Pasaka utasoma wewe.